Pikipiki ya Lami Tu

Petroli ilipopanda bei tena mwaka ule, nilikasirika kama mtu aliyetukanwa mbele ya watoto wake. Sikuikasirikia serikali, wala wenye vituo vya mafuta. Niliikasirikia pikipiki yangu. Niliitazama pale uani imesimama kwenye stendi yake, nikaiambia kwa sauti, "Wewe mwenzetu unakunywa sana." Mke wangu alikuwa dirishani na cherehani yake, akacheka mpaka akaharibu mshono.

Naishi Bariadi na kazi yangu iko Maswa. Mtu mwenye akili zake angehama. Lakini nimejenga Bariadi, mke wangu ana wateja wake wa kushona Bariadi, na sina moyo wa kupanga chumba mahali huku nyumba ninayo. Kwa hiyo kila siku ya kazi nashika lami kwenda, nashika lami kurudi, na mwisho wa mwezi naona mshahara wangu umetokea kwenye bomba la moshi. Ndipo nikaanza utafiti wangu. Mimi niliuita utafiti, mke wangu aliuita ugonjwa.

Nilianza na vitu vidogo. Matairi nikawa nayajaza upepo kila Jumatatu mpaka yakawa magumu kama mwiko. Mnyororo nikausafisha kwa mafuta ya taa na kuupaka oili kila baada ya siku mbili. Keria ya nyuma nikaing'oa, na vyuma vya kukinga miguu nikaving'oa. Nikasema, chuma chote hiki nakibeba kukipeleka wapi? Mwendo nikauweka hamsini, sio hamsini na tano, hamsini. Malori yakawa yananipita, mabasi yananipigia honi, na kuna siku bodaboda aliyepakia watu wawili na mbuzi alinipita, akageuka kunitazama usoni aone kama naumwa. Kwenye mteremko natoa gia, naiachia ishuke yenyewe. Upepo wa jioni ukinijia kifuani, nalala juu ya tangi, kidevu kikigusa chuma, mtu mzima mwenye watoto wanne na mvi zake.

Halafu nilikuwa na chupa. Ilikuwa chupa tu ya maji ya kunywa, ya lita moja na nusu, niliyoichora mistari ubavuni kwa kalamu ya wino mzito. Asubuhi natoka na tangi limejaa mpaka shingoni. Jioni nikirudi nachukua petroli niliyoweka akiba, naijaza ile chupa pomoni, halafu kutoka kwenye chupa naongeza kwenye tangi kidogo kidogo mpaka lijae tena. Mstari petroli inapobakia ndio unaoniambia siku yangu ilikuwaje. Mstari ukipanda juu ya wa jana, hata nusu kidole, nakula chakula kwa furaha. Ukishuka, watoto wanajua, wananikwepa.

Utafiti ulifika mahali ukagoma, mistari ikawa ile ile. Nikampelekea pikipiki fundi wa mtaani kwetu, mtu mpole, mwenye mikono isiyotakata oili hata siku ya Jumapili kanisani. Aliisikiliza, akaizungusha, akasema, "Mzee, ya nje umeyamaliza. Yaliyobaki ni ya ndani." Akanieleza. Sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta mnyororo, angeitoa, aweke kubwa yake, yenye meno mawili zaidi, ili kwenye lami injini izunguke pole pole huku tairi linakwenda. Sindano ya kabureta angeiteremsha ili mafuta yapite membamba. Nikamwambia fanya yote mawili, leo leo.

Alipomaliza alifuta mikono na kitambaa, akanitazama. "Ila nikuambie kitu. Hii sasa ni pikipiki ya lami tu. Ukiwa peke yako kwenye lami utanishukuru. Ukiipeleka kwenye mchanga na mzigo nyuma, itakuaibisha. Haitakuwa na nguvu ya kuvuta, na itapata moto."

Nikamwambia, "Mchanga nitaufuata wapi mimi?" Nikalipa, nikaondoka.

Haki ya Mungu, ilikuwa raha. Petroli iliyokuwa ikinipeleka siku nne ikanipeleka wiki nzima. Nikawa sishikiki. Kazini nilimsimulia kila aliyekuwa na pikipiki na wengine wasiokuwa nayo. Nyumbani, kwa simu, nilimsimulia mpaka mama mkwe wangu, kijijini kwake upande wa Zagayu, ambaye hajawahi kushika hata usukani wa baiskeli. Alisikiliza mpaka mwisho. "Inakula kidogo hivyo, baba?" Nikamjibu nikimwita mama kwa Kisukuma, "Kidogo tu, mayu. Kama kifaranga." Akacheka sana, na nasikia baadaye aliwasimulia majirani kwamba mkwe wake ana pikipiki inayokula kama kifaranga.

Huyo mama sasa ndiye habari yenyewe. Jicho lake moja lilikuwa limekufa zamani. La pili lilikuwa linakwenda, linaziba kutokea pembeni kuja katikati. Mwenyewe alisema ni kama mtu anamfungia dirisha taratibu. Hospitali walishamwambia ni presha ya macho. Walimwambia kilichokufa hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa, na kwamba asubiri madaktari wa macho waje wamfanyie upasuaji. Bado alikuwa anaona vya kutosha kuchambua mchele, kumtambua mtu mlangoni na kwenda kanisani peke yake. Hicho ndicho tulichokuwa tunakigombania, hicho kipande kilichobaki.

Madaktari wakaja Bariadi. Walikuja kwa siku nne, Jumanne mpaka Ijumaa. Mke wangu alipata habari Jumatatu, akanijia na hesabu yake ameshaimaliza kichwani. "Tumkodie mama bodaboda wa kule kule kesho, amfikishe kwenye lami, apande gari, mimi nimpokee."

Nikamjibu, "Bodaboda wa nini, na pikipiki ipo?"

"Yako haiendi kijijini. Fundi alisema."

"Fundi anataka nirudi kwake kila wiki. Nitaomba ruhusa Ijumaa, nitamleta mwenyewe. Ijumaa si wapo?"

Akasema kitu nilichokifanya mzaha. "Na utampakiaje? Mama mkwe wako?"

Kwa asiyejua: kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawagusani. Kupeana mkono hapana, kukaa kiti kimoja hapana. Hata kulala kwenye nyumba yangu alikuwa hataki, akija asubuhi anaondoka jioni. Ni heshima, na mimi nimelelewa ndani yake. Siku hizi vijana wanacheka, lakini yule mama hakuwa kijana na mimi pia si kijana. Nilimwambia mke wangu tutaweka kitu katikati. Nilikuwa nimeshaona kwenye kichwa changu ile safari na mstari wa chupa jioni. Nilitaka kuonyesha. Huo ndio ukweli, na sina namna nyingine ya kuusema.

Ijumaa niliondoka alfajiri. Peke yangu hata njia ya vumbi haikunisumbua sana, ingawa kwenye mto mkavu kabla ya kijiji pikipiki ilikohoa na ikabidi niisukume kwa miguu kama mtu anayepiga kasia. Nikajiambia ni baridi ya asubuhi.

Nilimkuta amekaa nje kwenye kigoda, amevaa nguo za kanisani, fimbo yake mapajani, kiroba nusu cha michembe pembeni, vile viazi vya kukausha ambavyo mke wangu anavipenda. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia nimesimama mbali kama inavyotakiwa. "Mwangaluka, baba," akaitikia, akaugeuza uso pembeni kidogo ili anipate kwenye kile kijidirisha chake. "Ndiyo yenyewe hiyo? Ile ya kifaranga?"

Michembe ikawa ndiyo katikati yetu. Yeye alikaa upande, miguu kushoto, amekumbatia kiroba, na kiroba kimeegemea mgongo wangu. Kama ningekuwa na keria angeshika keria, lakini keria nilikuwa nimeing'oa. Alishika kiroba tu, na kiroba hakikuwa kimeshika kitu.

Tulitambaa. Kwenye vumbi gumu ilikwenda, kwa malalamiko. Tulipofika ule mto mkavu ikazama. Nikaweka gia ya kwanza, na gia ya kwanza ya pikipiki ile ilikuwa sasa kama ya pili ya wenzake. Nikaikamua mafuta, ikavuma bila kwenda. Nikashika klachi nusu, nikaachia nusu, nikashika, nikaachia. Tulipanda ukingo hadi katikati, tukarudi nyuma. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu nikasikia harufu, ile harufu ya klachi inayoungua, ambayo ukishaisikia mara moja huisahau. Injini ilikuwa na moto mpaka goti langu linaukwepa. Halafu ikazima. Nikapiga kiki, ikawaka, nikaweka gia, ikanguruma pale pale bila kusogea hata hatua.

"Imechoka?" mama akauliza nyuma yangu.

"Imepata moto tu, mayu. Tushuke kidogo ipoe."

Nilimdanganya, na nilijua namdanganya. Nilisubiri, nikajaribu, nikatukana kimoyomoyo, nikajaribu tena. Nikapiga simu kutafuta bodaboda. Siku ile kulikuwa na mnada kijiji cha jirani, bodaboda wote wamekwenda huko kubeba watu na kuku wao. Mmoja alinijibu kwa kelele za ng'ombe nyuma yake, "Saa nane, mzee, kabla ya hapo usinitegemee." Saa nane! Hospitali walikuwa wamemwambia mke wangu mgonjwa awe amefika kabla ya saa nne, na mke wangu alikuwa pale tangu saa kumi na mbili na kadi ya namba mkononi.

Niliisukuma pikipiki mpaka nyumba ya jirani, nikaiacha kwa mama mmoja aliyekuwa anapalilia mihogo. Tukaanza kwenda kwa miguu kuifuata lami.

Sikuwa nimefikiria jua. Jua lilikuwa limepanda, na mchanga ule mweupe ulikuwa unamrudishia mwanga machoni mpaka hicho kidogo alichokuwa nacho kikamwishia njiani. Alikuwa anakanyaga kama mtu anayepima kina cha maji. Nilikwenda mbele nikimwambia, kuna shimo, kuna mzizi, kuna mchanga. Akasema, "Baba, maneno hayatoshi." Akanyoosha fimbo yake mbele. "Shika huko, mimi nashika huku."

Tukaenda hivyo. Mimi mbele nimeshika ncha ya fimbo, kiroba cha michembe kichwani, yeye nyuma ameshika mpini. Alijaribu kunichangamsha, huyo mama, mimi niliyemwingiza kwenye balaa. "Tumekuwa ng'ombe wa plau," alisema. "Wewe unamvuta mzee aliyechoka." Nilicheka kwa adabu na roho ilikuwa inaniuma vibaya sana.

Kwenye korongo dogo karibu na lami alianguka. Fimbo ilinitoka mkononi. Nikageuka, nikamwona chini, kitenge kimekwama kwenye mwiba, mikono yake inapapasa changarawe ikitafuta fimbo, na fimbo iko upande wa pili. Nami nilisimama. Nasema nilisimama! Mikono yangu ilikuwa mbele yangu, mitupu, nilishaangusha hata kiroba. Ningeweza kumshika chini ya makwapa nikamwinua kama ninavyowainua watoto wangu. Mikono haikwenda. Niliangalia huku na huku kama kuna mwanamke anapita. Nilichofanya ni kuiokota fimbo na kumsogezea ncha mpaka ikagusa vidole vyake. Akainuka mwenyewe kwa fimbo hiyo, polepole, kiwiko kinatoka damu, akajipangusa. "Asante, baba," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye aibu. Yeye ndiye alikuwa na aibu.

Lami tuliipata saa saba imepita. Gari la kwanza lililosimama lilitufikisha Bariadi. Hospitalini mabenchi ya macho yalikuwa matupu, mtu anapiga deki. Muuguzi aliyekuwa anafunga maboksi alimtazama mama, akatazama vumbi miguuni mwetu, akasema kwa upole kwamba wa upasuaji walichukuliwa asubuhi na orodha ilishafungwa, na madaktari wameshaondoka kuwahi safari. Aliandika jina la mama kwa ajili ya ujio mwingine. Hakujua ungekuwa lini.

Mke wangu alikuwa bado pale, kwenye benchi la mwisho, na ile kadi ya namba. Namba yake ilikuwa imeitwa mara tatu. Alimkumbatia mama yake, akamkalisha, akamfuta kiwiko kwa upindo wa kanga, taratibu, bila kunitazama. Kisha akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Mama yangu umempima kwa chupa," akasema.

Miaka kumi na tisa ya ndoa tumegombana kwa mengi, na siku zote nilikuwa na la kujibu. Siku hiyo nilitoka nje kutafuta gari la kumpeleka mama nyumbani.

Tulijaribu. Wiki zilizofuata tulimpeleka Mwanza, tukapangiwa tarehe, tarehe ikasogezwa, tukarudi. Walipokuja kumpasua, kijidirisha kilikuwa kimebaki uwazi wa kupitisha uzi. Daktari alisema wamefanya walichoweza. Hakusema kwamba ni kwa sababu ya ile Ijumaa. Hakuna aliyesema. Nimemwuliza mke wangu, siku aliporudi kuzungumza nami vizuri, akasema, "Mungu ndiye anayejua." Lakini mimi sihitaji mtu wa kuniambia. Kabla ya msimu mwingine wa palizi mama alikuwa haoni tofauti ya mchana na taa.

Sasa anaishi kwetu. Ile habari ya kutolala kwa mkwe iliisha yenyewe, hapakuwa na mkutano wala kikao. Siku ya kwanza mke wangu alikuwa sokoni, mama akasimama mlangoni anatafuta njia ya kwenda chooni, mkono mmoja ukutani. Nikaenda nikamshika mkono. Alishtuka, vidole vikakaza kama vinataka kutoka, halafu vikalegea. Tukavuka ua. Mkono wake ulikuwa mdogo na mkavu na wa moto. Nilimsubiri, nikamrudisha, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kama mtoto.

Pikipiki niliirudishia sproketi yake ya zamani. Sindano nikaipandisha, keria nikaifunga tena, na fundi alifanya kazi yote, akakataa hata kunitania, nami ningependa angenitania. Sasa inavuta. Ukiipeleka mchangani inapanda na magunia mawili. Na inakunywa, loo, inakunywa kama zamani na zaidi, kwa sababu siku hizi siendi hamsini, naiachia yote, nawahi nyumbani. Chupa niliikata, mke wangu anawekea vifungo.

Mama huwa anakaa barazani jioni, ameelekeza sikio barabarani. Anaitambua pikipiki yangu kabla haijakata kona, anawaambia watoto baba yenu huyo. Nikizima injini tu, ananipa salamu ya jioni, kisha ananiuliza swali moja, kila siku, na uso wake una ile fahari ninayoambiwa alikuwa nayo siku aliponisifu kwa majirani.

"Mwadila, baba. Bado inakula kidogo?"

"Kidogo tu, mayu," namjibu, na ninamshika mkono tuingie ndani tukale.